Kipande cha Pedali ya Klachi Kilichovunjika Mara Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Gari la Zamani

Aina ya gari na kila kinachoweza kumtambulisha mwenye gari vimeondolewa. Yeye mwenyewe ameridhia kisa kisimuliwe.

Gari na mwenye gari

Gari ni dogo, la gia za mkono, na umri wake umepita miaka 20. Injini imelala kwa upana, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na klachi yake ni ya kebo, si ya oili. Mwenye gari si fundi kwa kazi. Ana sanduku la spana, amewahi kubadili pedi za breki, plagi na pampu ya maji, na anajua kuacha kitu pale anapoona hakielewi. Mimi ndiye fundi wake. Katika kisa hiki niliingia mara ya kwanza kwa simu na mara ya pili kwa mikono, na kosa mojawapo kati ya yatakayotajwa ni langu.

Kabla ya yote tuelewane kuhusu kipande chenyewe, kwa sababu wengi huendesha magari ya aina hii miaka mingi bila kujua kama kipo. Juu kabisa ya pedali, nyuma ya dashibodi, kuna kipande cha plastiki ngumu chenye umbo la nusu mwezi. Kwenye mgongo wake kuna mfereji ambamo kebo hulala, na mwisho wa kebo umenaswa hapo. Ubavuni kina meno madogo kama ya msumeno. Mkabala na meno hayo, kwenye pedali, kuna ulimi wa chuma.

Pedali ikiwa imepumzika, ulimi umeinuliwa na haugusi meno. Kipande kiko huru, na springi ndogo inakizungusha ili kebo isilegee. Ukikanyaga tu, ulimi unauma meno, na kuanzia hapo kipande na pedali vinakwenda kama kitu kimoja. Klachi pleti, ile sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, inapolika, vidole vya presha pleti, sahani ya springi inayoibana, husogea kidogo kidogo kuelekea beringi inayovisukuma, na kebo huhitaji kuachiliwa. Kipande kinaiachilia chenyewe kila pedali inapopumzika. Ndiyo maana gari la namna hii halina nati ya kurekebisha kebo. Ni ubunifu mzuri sana. Ubaya wake ni kwamba nguvu yote ya mguu wako inapita kwenye meno machache ya plastiki.

Nguvu hiyo si ndogo. Mwenye gari alipima baadaye kwa futi kamba: kutoka kwenye mhimili wa pedali hadi pale mguu unapokanyaga ni sentimita 27, na kutoka kwenye mhimili hadi kwenye kebo ni sentimita 5.4. Maana yake kila kilo 1 ya mguu inakuwa kilo 5 kwenye kebo. Hesabu hii tutairudia.

Siku pedali ilipoanguka

Alikuwa kwenye foleni ya taa za barabarani, gia ya kwanza imeshaingia, mguu umekandamiza klachi akisubiri. Alisikia *tak* moja, kavu, kama mtu aliyevunja kalamu. Pedali ikaenda hadi kwenye zulia na haikurudi. Klachi ikashika papo hapo, gari likaruka kama nusu mita na kuzimika. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya breki, la sivyo angeingia kwenye gari la mbele.

Wapita njia walimshauri aliwashe likiwa ndani ya gia ya kwanza, stata ilisukume mpaka injini ishike, kisha apandishe gia kwa kusikiliza mlio wa injini bila klachi. Kwa gari la zamani lisilo na swichi ya kuzuia stata mpaka klachi ikanyagwe, hilo huwezekana. Alikataa, kwa sababu njia ya kurudi nyumbani ilikuwa na vituo vingi na watu wengi wa miguu. Akalitikisa gari mbele na nyuma mpaka gia ikatoka, akaliacha huru, akawasha injini na kuvutwa kwa kamba injini ikiwa inanguruma. Ule ulikuwa uamuzi wa busara ambao watu wengi hawaukumbuki: klachi kufa hakuzuii injini kuwaka gia ikiwa huru, na injini ikiwaka, breki inabaki na msaada wake. Gari linalovutwa likiwa limezimwa lina breki ngumu kama jiwe.

Alichochunguza kabla ya kushika spana

Fundi mmoja aliyekuwa karibu alishamwambia klachi pleti imekwisha na giaboksi lishushwe. Mwenye gari hakubisha, ila alifanya majaribio mawili ambayo mtu yeyote anaweza kuyafanya.

La kwanza: alimwita kijana akae kwenye usukani, awe anaiinua pedali na kuikanyaga, yeye akainua boneti na kutazama mkono wa klachi juu ya giaboksi. Pedali ilipanda na kushuka, mkono haukusogea hata milimita. La pili: alimulika tochi chini ya dashibodi. Kebo ilikuwa inaning'inia, na juu ya zulia, karibu na pedali ya breki, kulikuwa na kipande cheusi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, chenye meno manne.

Hapo hakukuwa na sababu ya kufikiria giaboksi tena. Kama mguu unakanyaga na mkono wa giaboksi hausogei, tatizo liko katikati ya mguu na mkono, na sehemu hiyo yote hufikiwa bila kushusha chochote.

Alinitumia picha ya kile kipande pamoja na picha ya ncha ya kebo. Nikamjibu: "Hicho ni cha umri tu. Badilisha hicho, kebo naiona nzima."

Sikumuuliza pedali ilikuwaje kabla ya kuvunjika.

Uamuzi wa kwanza

Alikuwa na njia tatu. Kubandika kwa gundi aliiacha baada ya dakika kumi za kufikiri: plastiki hii ina utelezi na haishiki gundi vizuri, na hata ingeshika, meno ni membamba mno kubeba mzigo wake. Njia ya pili ilikuwa kipande cha aluminiamu kinachouzwa kama suluhisho la kudumu. Kinavutia, lakini kwa gari hili hakina mfumo wa kujirekebisha. Kinahitaji kebo yenye nati ya kurekebishia, na mtu akumbuke kuirekebisha kila klachi inavyolika. Njia ya tatu ni kipande kipya cha plastiki cha muundo uleule wa awali. Alichagua cha tatu.

Kuhusu kufanya mwenyewe, sababu yake ilikuwa rahisi: hakuna kifaa maalumu kinachohitajika, na kazi nyingi ni za kujikunja chini ya dashibodi, ambako mikono ya fundi si mirefu kuliko yake.

Kazi yenyewe

Jambo la kwanza alilofanya ndilo ninalowashauri wote sasa: alifungua bolti nne za kiti cha dereva na kukitoa nje. Dakika 15 za ziada, lakini badala ya kulala kichwa chini miguu juu, alikaa sakafuni kama mtu. Alitoa pia terminali hasi ya betri, kwa kuwa waya za swichi ya taa za breki zinapita palepale.

Kisha akaanzia upande wa giaboksi, si upande wa pedali. Akausukuma mkono wa klachi kwa mkono, akachomoa ncha ya kebo, na kebo yote ikalegea. Anayeanza kwenye pedali kebo ikiwa imekaza anapigana na springi mbili kwa wakati mmoja.

Chini ya dashibodi alitoa kifuniko cha plastiki, akapiga picha kila pembe, akavaa miwani ya kukinga macho, na kuachilia springi kubwa ya kusaidia pedali huku ameishika kwa plaizi. Springi ile ikiponyoka inaruka kwa kasi ya kutisha. Baada ya hapo ilibaki saklipu moja, kipete cha chuma kinachozuia mhimili usichomoke, mwishoni mwa mhimili, na mhimili huo ndipo nataka tukae kidogo.

Pedali ya klachi na pedali ya breki zimetungwa kwenye mhimili mmoja. Ukiuchomoa wote, pedali ya breki nayo inabaki haina pa kushika. Mwenye gari hakulijua hilo mpaka alipoona breki inaegemea upande. Akasimama, akaurudisha mhimili nusu, akaingiza bisibisi nyembamba kutoka upande wa pili kushikilia breki mahali pake, ndipo akaendelea. Saklipu ilimponyoka mara moja na kuzama chini ya zulia. Aliipata kwa sumaku. Alishawishika kutumia waya uliokunjwa badala yake. Nashukuru hakufanya hivyo, kwani saklipu ile ndiyo inayozuia mhimili wa breki usitoke njiani.

Kipande kipya kiliingia bila ugomvi. Springi yake ndogo ina upande: mguu mmoja unakaa kwenye tundu la pedali, mwingine kwenye kipande. Aliiweka kinyume mara ya kwanza, akagundua kwa sababu kipande kilikuwa kinazunguka kuelekea kulegeza kebo badala ya kuivuta. Bushi za pedali alizisafisha, akazipaka grisi kidogo, akafunga kila kitu na kunasa kebo mwisho. Akakanyaga polepole mara kadhaa mpaka kipande kikapata mahali pake. Kabla ya kutoka nje ya geti alikagua breki: pedali inapanda na kushuka bila kuyumba, taa za nyuma zinawaka na kuzima.

Saa tatu na nusu kwa jumla. Gari likaenda.

Wiki tatu baadaye

Simu ilikuja jioni.

"Fundi, klachi imekufa tena."

"Ile mpya?"

"Ileile. Meno yameng'oka palepale."

Nilikwenda mwenyewe. Nilipomaliza kutazama kipande, nikauliza swali nililopaswa kuuliza wiki tatu nyuma: pedali ilikuwa nzito? Akacheka. Alisema imekuwa nzito kwa zaidi ya nusu mwaka, lakini kidogo kidogo, na mguu wake ulizoea. Mdogo wake alipoazima gari alilirudisha akilalamika goti. Mwenye gari alimwambia aache kudeka. Aliwahi pia kumimina oili kwenye mdomo wa kebo. Ikawa nyepesi siku mbili, halafu ikawa mbaya kuliko mwanzo. Kebo nyingi za aina hii zina utando wa plastiki ndani ambao hauhitaji oili, na oili ikiingia hukusanya vumbi na kuligeuza tope.

Tulichokipata mara ya pili

Tulinasua kebo pande zote mbili tukijaribu kuvuta uzi wake wa ndani kwa vidole. Kebo nzima huteleza hivyo bila shida. Hii ilikwenda sentimita moja na kukwama. Tukapapasa ganda lake kwa urefu: mahali fulani katikati lilikuwa limelainika na kubonyea, na ukilikunja linatoa mlio wa kukwaruza. Mwishoni, baada ya vipimo nitakavyovieleza, tulipoitoa na kuikata hapo, utando wa ndani ulikuwa umeyeyuka na kushikana na uzi. Ncha zote mbili, zile nilizoziona kwenye picha, zilikuwa nzima kabisa.

Kwa nini iyeyuke hapo? Mwenye gari ndiye aliyeona. Kwenye bodi, mbali kidogo na ekzosi, kulikuwa na klipu ya plastiki iliyojaa vumbi, tupu, haijashika kitu. Kebo ilitakiwa kupita ndani ya klipu ile. Miaka michache nyuma injini iliwahi kufunguliwa kwa kazi nyingine, na aliyeirudisha aliipitisha kebo upande wa pili wa bano, njia fupi, vidole vitatu kutoka kwenye bomba la ekzosi. Hakuna aliyeiona kwa sababu gari liliendelea kutembea.

Kabla ya kuhukumu, tulihakikisha upande wa giaboksi hauna lawama: kebo ikiwa imetolewa, mkono wa klachi ulicheza kwa vidole bila kukwama mpaka ulipogusa presha pleti. Klachi iliyolika nayo huongeza uzito wa pedali, na hilo huwezi kulithibitisha kwa macho bila kushusha giaboksi. Kwa hiyo tukaamua kupima badala ya kubahatisha. Yeye alikuwa na mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo ya safari. Kwa kebo ya zamani na kipande kingine kipya, tukinasa ndoano kwenye pedali na kuvuta taratibu, mizani ilifika kilo 21. Kwa kebo mpya, ikipita kwenye klipu yake, kilo 12.

Sasa ile hesabu ya mwanzo. Kilo 12 mguuni ni kilo 60 kwenye kebo. Kilo 21 ni kilo 105. Kipande kilekile, meno yaleyale, karibu mara mbili ya mzigo, kila gia, kila taa ya barabarani.

Uchambuzi

Ukarabati wa kwanza ulikuwa safi. Ukiutazama kama kazi ya mikono, sina cha kukosoa zaidi ya springi iliyowekwa kinyume, na hata hilo alilishtukia mwenyewe. Kutoa kiti, kuanzia upande wa giaboksi, kukataa waya badala ya saklipu, kukagua breki kabla ya kutoka: mafundi wa miaka mingi huruka hatua hizo. Kilichoshindwa ni utambuzi, na ulishindwa kwangu kabla ya kushindwa kwake.

Nilipotumiwa picha ya kitu kilichovunjika niliitibu picha. Plastiki ya miaka 20 ina kila haki ya kuvunjika, kwa hiyo jibu la "umri tu" lilikuja haraka na halikuonekana la kipumbavu. Lakini kipande hiki kiko mwisho wa mnyororo. Kinabeba chochote ambacho kebo inakataa kupitisha. Kuvunjika kwake kulikuwa habari kuhusu kebo, na habari hiyo ilikuwa imeshatolewa kwa miezi sita kupitia goti la mdogo wake. Nilihukumu kebo kwa ncha zake, ilhali kebo huumwa katikati. Jaribio la kuvuta uzi kwa vidole lingechukua dakika mbili, tena siku ileile ambayo ncha zote zilikuwa zimeshanasuliwa.

Kuhusu aluminiamu, baada ya kuvunjika mara ya pili mwenye gari aliirudia kwa hasira, na namwelewa. Tulibishana. Hoja yangu ni kwamba kwa kebo ile iliyokwama, chuma kisingepunguza mzigo hata gramu, kingeuhamishia kwingine. Kitakachofuata kuachia ni uzi wa kebo, au bati la ukuta kati ya injini na dereva pale ganda la kebo linapoegemea, na bati lililopasuka halibadilishwi kwa mchana mmoja ukiwa umekaa sakafuni. Plastiki ilivunjika mahali pa bei ndogo na pa kufikika. Kwa gari lenye presha pleti ngumu zaidi ya ya kiwandani ningejibu vingine.

Kebo mpya peke yake nayo isingetosha. Laiti tungeifunga kwa kufuata njia ya ile ya zamani, kama ambavyo mtu yeyote hufanya akiwa na picha alizopiga kabla ya kufungua, tungeipitisha tena karibu na ekzosi. Picha zake nzuri zilihifadhi kosa la mtu mwingine kwa uaminifu mkubwa. Klipu tupu ndiyo iliyotuokoa. Siku hizi nikifungua gari la zamani natafuta kwanza klipu, bano na matundu ambayo hayana kazi, kisha nauliza yalikuwa yanashika nini.

Jambo moja sikulitarajia. Mizani ya mizigo imekuwa kifaa changu cha kudumu. Mguu wa mwenye gari ni shahidi mbaya kwa sababu unazoea. Wangu ni mbaya kwa sababu kila saa unapanda gari tofauti. Namba mbili zilizopimwa kwa ndoano ileile, mahali palepale pa pedali, zilimaliza ubishi ambao maneno yasingeumaliza. Na tulipoona 12 tulijua pia kwamba klachi pleti bado haijawa tatizo, kitu ambacho mtu wa kwanza kule barabarani alitaka kukigundua kwa kushusha giaboksi.

Kuna tabia moja ya udereva pia. Kusubiri kwenye taa gia ikiwa imeingia na mguu umekandamiza klachi kunaweka mzigo wote kwenye kebo na meno kwa muda wote wa kusubiri, na kukitokea la kutokea gari linaruka mbele. Ameacha. Sasa anaweka gia huru na kushika breki.

Hali ya sasa

Mwaka na miezi miwili umepita. Kipande ni kilekile kilichofungwa mara ya pili, cha plastiki. Mizani iko kwenye buti pamoja na jeki, na kila anapobadili oili ya injini ananasa ndoano kwenye pedali na kuandika namba nyuma ya kitabu cha gari. Ya mwisho aliyonitumia ni kilo 12.5.